Meno ya Jama Gurey

Kinsi Dheer alikuwa na mdomo ambao waume wawili waliukimbia, na wa tatu hakujitokeza. Aliuza maziwa ya ngamia pale Hargeisa, ng'ambo ya geti la chuo kipya, akikaa juu ya dumu la njano lililopinduliwa, miguu mbele, gauni lake la dira limetandazwa kama hema. Alikuwa mrefu hata akikaa. Hakujua kusoma, na hilo halikumnyima usingizi. Simu ikilia tii, pesa imeingia. Isipolia, mteja haondoki.

Noti hakuzipokea. Shilingi za nchi ile ukitaka kununulia maziwa ya wiki lazima uzibebe kwa mfuko wa saruji, na Kinsi alisema mgongo wake si wa punda. Kila mtu alimlipa kwa simu, kwa dola: wahadhiri, madereva, hata yule kichaa wa sokoni aliyedai kuwa waziri. Wateja wa zamani walikuwa na namba yake kichwani. Wageni waliisoma ukutani, nyuma yake, ilipoandikwa kwa rangi ya buluu chini ya picha ya ngamia anayetabasamu.

Picha na namba vilikuwa kazi ya Buraash, mchora mabango, kijana wa miaka arobaini na tano. Mvua iliubabua ule ukuta, Kinsi akamwita aufufue. Buraash alikuja baada ya chakula cha mchana, shavu moja limevimba kwa mirungi, akafanya kazi kwa furaha kubwa mno. Ngamia alipata kope. Namba nayo ilipata urembo: tatu moja aliizungusha, akaizungusha, hadi ikafunga ikawa nane. Akalipwa, akaenda zake.

Tangu siku ile biashara ya Kinsi ikaanza kukonda. Tii zilikuja, lakini chache. Maziwa yalikwisha kila siku saa nne, simu ikidai ameuza nusu. Miezi miwili alihangaika. Kwanza alilaumu ukame. Kisha akamlaumu jirani yake Sucdi, muuza chapati, kwamba amemfanyia ndumba.

"Ndumba?" Sucdi alicheka. "Mimi ningekuwa na ndumba ningekufunga huo mdomo, siyo simu."

"Basi pesa zangu zinakwenda wapi?"

"Huwa wateja wanakuambia wamelipa, wewe uko kwenye kusengenya, hata husikilizi. Nusu ya muda unaongea wewe, nusu nyingine unapumua ili uongee tena."

Siku ile Kinsi aliamua kusikiliza. Mwanafunzi mmoja, mwembamba kama kalamu, alinunua lita moja, akabonyeza simu, akageuka kuondoka.

"We! Rudi hapa. Haijalia."

"Nimelipa, shangazi. Tazama."

"Nitazame nini, mimi nasoma? Nisomee!"

Kijana akasoma. "Umetuma dola moja na nusu kwa Jama Gurey Cawaale."

Kinsi alisimama. Alipomaliza kusimama kijana alikuwa anatazama juu. "Jama? Mimi naitwa Jama? Nina ndevu? Wewe unaziona ndevu hapa?"

"Hapana, shangazi! Sisi chuoni... tulidhani ni mumeo."

Sucdi aliangua kicheko hadi chapati ikaungua.

Kwenye ofisi ya kampuni ya simu binti aliyekuwa dirishani alimweleza kwa upole kwamba pesa iliyokwisha kuingia kwa mtu haichomolewi bila ridhaa yake. Akampigia huyo Jama mara tatu, hakupokea. Kinsi akamwambia binti asijisumbue. Kwa watu wake, ukipewa jina la mtu, la babake na la babu yake, kabla ya adhuhuri utakuwa umeshajua anapolala na anakoroma vipi. Akakaa kwa muuza chai, akauliza watu wanne. Kufika saa sita alikuwa na jibu: mzee mjane wa Burao, upande wa soko la mifugo, nyumba yenye mlango wa kijani.

Kesho yake alipanda gari la kwenda Burao. Njia nzima alipanga matusi, mengine mapya kabisa, hata abiria wa jirani akamwomba arudie moja apate kulikariri.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ndani, juu ya mkeka, alikaa mzee mdogo, kikoi safi, anatafuna mfupa wa mbuzi kwa bidii ya mtu aliye kazini.

"Wewe ndiye Jama Gurey?"

Mzee alimtazama, akauweka mfupa chini polepole, akaufuta mkono wake. "Umetumwa na mwanangu?"

Kinsi alikuwa tayari kwa kukanushwa, kwa kufukuzwa, hata kwa kupigwa bakora. Kwa swali hilo hakuwa tayari. Matusi yote ya njiani aliyaacha mlangoni.

"Mwanao yupi, ami?"

"Mahad. Alikwenda Ulaya kwa njia ya Libya, mwaka wa sita huu. Hajapiga simu. Halafu miezi miwili iliyopita pesa zikaanza kuja. Dola moja. Dola moja na nusu. Kila siku, namba hii na ile. Nikasema, kijana amepata kibarua, anazituma kidogo kidogo kwa mikono ya marafiki. Maskini kama yeye atatuma vipi?"

Kinsi alikaa chini bila kukaribishwa. Mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta namna ya kusema jambo polepole, na hakuwa na ujuzi wa hilo.

"Ami, mimi ni muuza maziwa. Hargeisa. Namba yangu iliandikwa vibaya ukutani."

Mzee akausogeza mfupa kando. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Siku ya nne niliipigia namba moja, msichana akapokea. Nikasema, 'Mwambie Mahad babake anamsalimu.' Naye akasema, 'Bibi, maziwa ya leo yalikuwa matamu.' Bibi! Mimi!" Akaitazama mikono yake. "Nikakata. Sikupiga nyingine tena. Ningepiga ya nini?"

Nje ngamia alilia, na mtu akamtukana. Kinsi alivuta pumzi, na pumzi ile ikamrudishia ukali wake, kwa sababu bila ukali angelia.

"Sawa. Mungu amrudishe Mahad. Sasa pesa zangu?"

Mzee alitabasamu. Safu mbili za meno, meupe kama vyombo vya harusi, yamejipanga mdomoni mwa mtu wa miaka sabini na mitano.

"Hizi hapa."

"Yarabi! Dola zangu umezifanya meno?"

"Miaka tisa sijatafuna nyama, binti yangu. Tambi na uji, uji na tambi. Nilikuwa nainusa nyama kwenye harusi za watu kama paka." Kisha, kwa heshima zote, akaingiza vidole mdomoni, akayang'oa, akayaweka juu ya sinia mbele yake. Mashavu yakaporomoka. "Shukua yako," akasema. "Shukua."

Kinsi aliyatazama meno. Meno nayo yalimtazama. Alianza kucheka, kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka akajifuta macho kwa mtandio, na kilichofutwa pale si kicheko peke yake.

"Yarudishe mdomoni, mzee wewe, usinitie najisi! Nikayauze kwa nani?"

Walipatana kabla ya alasiri. Jama alikuwa na ngamia sita wa maziwa nje ya mji, maziwa yao akiwauzia madalali kwa bei ya kutupa. Kuanzia Jumamosi madumu mawili yangekwenda Hargeisa kila alfajiri na gari la mboga, bure, hadi deni la meno lilipike lote. Kisha Kinsi akamlazimisha mzee ale. Alimchagulia mbavu, akamtazama anavyotafuna, kama fundi anayekagua kazi.

Buraash aliifungua ile nane bila malipo, Kinsi akiwa amesimama nyuma yake na fimbo.

Deni liliisha wiki moja kabla ya Ramadhani. Maziwa hayakuacha kuja, sasa Kinsi anayalipia. Kila asubuhi humpigia mzee kabla hata hajafungua dumu.

"Jama, leo umetia maji."

"Mvua ilinyesha."

"Ndani ya dumu lenye kifuniko?"

"Mvua ya Burao ina nguvu."

Hutukanana hadi salio liishe, mmoja akamtumia mwenzie la kumalizia. Mahad bado hajapiga. Kinsi haulizi, husubiri tu mzee amalize kucheka, asikie kama kuna neno linafuata. Lisipokuwepo, humtajia bei ya siku na kumwambia akale.