Jumamosi Niliyokwenda Maktaba Mikono Mitupu

Mliokulia Malindi miaka ya themanini mtakumbuka kwamba mtoto aliyemaliza kazi za nyumbani Jumamosi asubuhi alikuwa na njia mbili tu: kwenda kuogelea bila ruhusa, au kwenda maktaba kwa ruhusa. Mimi nilishika njia ya pili, wala si kwa utiifu. Mamangu alikuwa na tabia ya kukupangusa shingo kwa kidole kisha akakionja. Akikuta chumvi, umekwisha.

Maktaba ya mji ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye feni mbili, na moja ndiyo iliyozunguka. Mkutubi wetu alikuwa Bwana Kilonzo, mtu wa Ukambani aliyeletwa pwani na kazi. Alisimama mlangoni akikagua mikono yetu, viganja na migongo, kwa kuwa alijua tumetoka kula achari ya embe na mabuyu ya rangi, na kurasa zake zilikuwa zimeshachapwa vidole vyekundu vya kutosha. Viatu hakutuambia tuvue, lakini sisi tulishazoea hivyo chuoni tulikosomea Kurani, tukavua. Mpita njia aliziona ndara zimejipanga nje akadhani ndani mna maulidi.

Kiswahili chake tulikicheka chinichini. Alisema "hii kitabu" na "ile mtoto", nasi tukabana pua. Lakini neno gumu likitokea ukurasani, yeye ndiye aliyelijua. Sisi wenye lugha yetu tulikodoa macho.

Kila Jumamosi alikuwa na kikao cha vijana: darasa la saba, darasa la nane ambalo enzi hizo ndiyo kwanza limeanza, na kidato cha kwanza. Ulichukua kitabu, ukakisoma wiki nzima, na Jumamosi iliyofuata ukasimama mbele ya wenzako ukawaeleza kilichomo kabla ya kukirudisha. Hadithi tamu zilikuwa nakala moja moja, kwa hiyo kila kitabu kilikuwa na foleni yake, majina yameandikwa kwa penseli kwenye daftari. Kukichelewesha kulikuwa na adhabu moja: kadi yako inakaa kwenye droo ya Bwana Kilonzo mwezi mzima. Vijana wa leo ukiwaambia wangoje kitu wiki moja wanakuuliza kama mtandao umekatika. Sisi tulingoja hata miezi miwili, na tulijua nani yuko mbele yetu na anasoma kwa kasi gani.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne zamu yangu ikafika kwa riwaya moja ya jalada la kijani. Ilimhusu mjane ambaye shemeji yake, Hamadi, alitaka kumtoa katika shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe. Nilianza kuisoma uani kwetu, mtaa wa Shela, mahali mamangu na wenzake wawili walipokaa kila alasiri wakisuka ukili wa mikeka. Mmoja alikuwa Bi Mishi, jirani yetu, aliyefiwa na mumewe miaka miwili kabla. Mwingine alikuwa Kadzo, Mgiriama aliyepanga chumba chetu cha nyuma. Mamangu alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za skuli hakufundishwa. Bi Mishi kadhalika. Kadzo hakupelekwa popote.

Nikafika mahali nikaguna kwa sauti.

"We Rukia, waguna nini peke yako kama mwenye pepo?" mamangu akauliza. "Hebu tusomee na sisi."

Nikawasomea. Kesho yake walikuja uani mapema. Kufikia Jumatano Kadzo alikuwa anasuka ovyo, anafumua, anaanza upya, huku akimtukana Hamadi kwa Kigiriama. Bi Mishi hakutukana. Kila Hamadi alipotajwa, yeye aliacha kusuka kabisa.

"Soma polepole hapo," alikuwa akiniambia.

Mtaa mzima ulijua kwamba shemeji zake walikuwa wameshika nyumba ya marehemu, yeye akarudi kwa dadake. Hakuna aliyelisema jambo hilo mbele yake.

Ijumaa kulikuwa na harusi kwa majirani, hatukusoma. Jumamosi asubuhi tulikuwa tumebakiza sura mbili, na mjane anaingia kwa kadhi. Nilipokwenda kukichukua kitabu nikakikuta mapajani mwa Bi Mishi.

"Hakitoki hiki," akasema, "mpaka nijue mwenzangu ameishia wapi."

Nikamtazama mamangu aniokoe. Akasema, "Mwambie mwalimu wako atuongeze wiki moja tu."

Basi nikaenda mikono mitupu.

Aliyekuwa akikingoja kitabu hicho alikuwa kijana wa kidato cha kwanza, jina lake Charo. Alikuja kutoka Gede kwa baiskeli ya mjomba wake, na siku hiyo shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Rukia, kitabu iko wapi?" Bwana Kilonzo akaniuliza mbele ya watu.

"Iko nyumbani." Kwa hofu, hata ngeli zangu zilikimbia.

"Umepoteza?"

"La. Mamangu na wenzake hawajakimaliza."

Chumba kizima kikacheka. Bwana Kilonzo hakucheka.

"Mama yako ana kadi ya hapa?"

"Hana."

"Basi aliyechelewesha ni wewe. Lete kadi."

Nikampa. Charo hakunifokea. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akauliza tu, "Sasa mimi wiki hii nitasoma nini?" Swali hilo liliniuma kuliko kadi.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mamangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mwana ametoka wapi?"

"Gede. Kwa baiskeli."

Akaweka ukili chini. Akavaa buibui, akamnyoshea Bi Mishi mkono, na Bi Mishi akakitoa kitabu.

Mamangu hakuwahi kukanyaga maktaba. Alivua viatu mlangoni kama sisi, na kwa kuwa nilimsimulia habari za ukaguzi, alipofika mbele ya meza ya Bwana Kilonzo aliinyosha mikono yake yote miwili, viganja juu. Yule bwana alitahayari, asijue atazame wapi.

"Mwalimu, kosa ni langu," mamangu akasema. "Mtoto alitaka kukileta, sisi tukamzuia. Kama kuna adhabu, nipe mimi."

"Mama, adhabu ni kuchukuliwa kadi. Na wewe hauna kadi."

"Basi nipe kadi, kisha uninyang'anye."

Hapo ndipo nilipomwona Bwana Kilonzo akicheka kwa mara ya kwanza, akicheka hadi akavua miwani. Kadi yangu hata hivyo hakuirudisha. Sheria ilikuwa sheria. Alichukua kitabu, akakipiga mhuri, akamkabidhi Charo, ambaye alikuwa bado pale akisubiri jua lipungue.

"Shikamoo mama," Charo akaamkia.

"Marahaba mwanangu. Ukikimaliza utupitie Shela, utwambie kadhi alihukumu nini."

"Mmebakiza nyingi?"

"Sura mbili."

Charo akakitazama kitabu. Alikuwa amekingoja wiki tano, na msomaji yeyote anajua maana ya kuambiwa mwisho kabla ya mwanzo. Akakifungua kurasa za nyuma, akakifunga. "Haya," akasema. "Twendeni niwasomee."

Alikula kwetu wali na mchuzi wa papa, kisha akakaa uani akasoma. Alisoma vizuri kunishinda mimi, na niliona wivu, maana Hamadi alimtolea sauti ya puani hadi Kadzo akajipiga mapaja. Lakini kila baada ya ukurasa alikwama. "Huyu naye ni nani?" Wanawake watatu walimjibu kwa pamoja, huyu akimkatiza yule, na alasiri hiyo walimhadithia nusu ya kitabu, pamoja na maneno ambayo mwandishi hakuyaandika.

Mjane alipewa fungu lake, si shamba zima. Minazi mingi ilikwenda kwa Hamadi. Kadzo alikasirika, akasema mwandishi amehongwa. Bi Mishi akasema, "Alau alisimama mbele yao akasema."

Mwezi ule haukuisha Bi Mishi akaenda kwa kadhi. Sisemi ni kitabu kilichompeleka. Mwenyewe alisema ni hasira. Kesi ilichukua muda mrefu, na mwisho alipata chumba kimoja na nusu ya ua. Alihamia siku hiyo hiyo. Mikeka yake aliibeba mwenyewe.

Kadi yangu nilirudishiwa. Bwana Kilonzo alihamishwa kurudi bara nilipokuwa kidato cha tatu. Charo, nilisikia, alikwenda kusomesha upande wa Magarini. Mamangu na Bi Mishi wameshatangulia mbele ya haki.

Binti yangu ana miaka kumi na sita na anasoma kuliko nilivyosoma mimi, nisimsingizie. Vitabu vyake vyote vimo ndani ya simu. Juzi nilimsikia akicheka chumbani kwake nikamwuliza kuna nini. "Nakutumia, mama," akaniambia. Kitabu kikafika kwenye simu yangu kabla sijavaa miwani, na ni kizuri kweli. Nilikisoma ukumbini, yeye akaendelea nacho chumbani. Kitabu kimoja, nyumba moja, jioni nzima, na hatukusemezana.