Betri ya Mpira Iliyozama Nzoia

Ninyi vijana mnaolala na simu kwenye chaji chini ya mto, halafu mnanifundisha mimi habari za stima, hebu kaeni.

Miaka ya tisini nyumba yetu, karibu na Shianda, haikuwa na stima. Tulikuwa na betri ya gari ya kuwashia televisheni. Siku za mpira kijiji kizima kilijaa kwangu, nami nilikuwa naunganishanga hizo waya mikono ikiwa na povu la vyombo. Hakufa mtu.

Kisha mkwe wangu, fundi aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, akaifunga betri yangu kwenye mtumbwi pamoja na mota ya feni ya gari, eti avushe watu mto Nzoia bila kupiga kasia. Kijiji kilekile kikaja kushangilia. Mtumbwi haukufika mbali. Ulilala ubavu karibu na ukingo, ukazama na betri. Mkwe akakwama matopeni, maji kidevuni. Kuogelea hajui.

"Msiniguse!" akapiga kelele. "Maji yana stima!"

Wote wakarudi nyuma. Mzee mmoja wa kanisa, asiyekosanga mpira kwangu, akapanda juu ya kichuguu. "Tungoje betri iishe," akasema.

"Itaisha saa ngapi?" binti yangu akamuuliza, mtoto akilia mgongoni.

"Huwa inamaliza dakika tisini," jirani akajibu. "Na zile za nyongeza."

Nikaingia majini. Hapo wakapata hofu ya pili.

"Weee mama! Huyo ni mkwe wako! Utamshika mkono?"

Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hata kwa salamu. Basi nikafungua leso kiunoni, nikamrushia ncha moja.

"Shika, baba, na unyamaze."

Nikavuta mpaka akatoka kama kambare. Wakapiga makofi. Wakasema leso ndiyo iliyozuia stima. Leso iliyolowa chepechepe!

Kilichomuumiza si stima. Mtumbwi ulipolala, maji ya betri, yale makali, yalimmwagikia. Suruali ilitoboka kama chujio, mapaja yakababuka, binti yangu akayaosha kwa ndoo baada ya ndoo. Hilo hakuna aliyelipigia kelele.

Jioni walewale wakabisha hodi. Kulikuwa na mpira.

Nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Fungeni mlango. Anayetaka mpira, aende Nzoia akaitoe betri."