Mtoto Aliyekuwa Ndani ya Matope

Ukitaka kucheka, cheka sasa, ili nikianza unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, kazini, mchana kweupe.

Kazi yangu ni kuchimbua matope ya mito. Tunasukuma bomba refu la chuma chini, tunalitoa limejaa, kisha huku Lubumbashi tunalipasua na kusoma matabaka yake: hapa mvua ilikuwa nyingi, hapa msitu uliungua. La juu ni la juzi, la chini ni la zamani za mababu. Kwa hiyo, kabla ya kulitoa, sharti uchore mshale kuonyesha juu ni wapi.

Siku ile, kando ya mto Luapula karibu na Kasenga, nilisahau. Tangu mke wangu afariki nasahau mengi. Wenzangu walikuwa wameenda kununua samaki, nami nimebaki na bomba langu, sijui kichwa wala miguu yake.

Mama mmoja akaja. Niamini, alitokea upande wa maji, na kitenge chake kilikuwa kikavu.

"Papa, umeigeuza," akasema. "Juu njo huku," akagusa ncha ya pili.

Nikamwuliza amejuaje. Akaweka kidole katikati ya bomba.

"Hapa kuko makala ya moto. Ile mwaka mto ilikauka, pori ikaungua. Mutoto yangu iko mule. Munirudishie, papa."

Wewe ungefanya nini? Nilimwahidi. Nikainama kuchora mshale, nilipoinuka hayupo, na mchangani hamna unyayo.

Sikurudisha. Niliona haya kuwaeleza wenzangu. Bomba lilipopasuliwa, makaa yalikuwa pale pale alipoweka kidole, mstari mwembamba mweusi. Tukaukata, tukauchoma kwenye tanuri ili tupime, kama kazi inavyotaka. Mlango wa tanuri niliufunga mimi.

Tangu hapo, kila jioni nikirudi mtaani Katuba, katika nyumba ambayo hakuna anayeningoja, sauti inauliza nje ya mlango: "Papa, ulimuweka wapi?" Padri alikuja na maji ya baraka, hayakusaidia kitu. Na kuna la aibu zaidi: jioni moja sauti ilichelewa, nikatoka barabarani kuitafuta.

Basi wewe unayechimba, mtu akikuomba matope yake, yarudishe hapo hapo. Kama unaishi peke yako, fanya haraka zaidi. Utaizoea sauti hiyo, na siku ya kuweza kuinyamazisha, hutataka.