Ulimi wa Patron Mwezi wa Mfungo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mjini Gitega nimevaa shati jeupe. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana kazi yenyewe ilikuwa kukamua ndizi, na shati jeupe halitoki salama kwenye ndizi. Nilikuwa nimerudi nchini mwetu kutoka Tanzania nilikokulia, na shamba la wazazi wangu lilikuwa dogo mno kwetu sote. Ningepewa kazi gani nisiipokee?

Mkuu wangu wa kwanza tulimwita Mama wa Jiko. Alisimamia mgahawa mdogo karibu na soko. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za Gitega huuma masikio, na watu walikuja kwetu kunywa mutobe wa moto, yaani maji ya ndizi mbivu ambayo hayajachacha, yaliyochemshwa na tangawizi, mdalasini, karafuu na iliki kidogo. Kidogo, nasema. Vijana wa leo wanamwaga iliki kama wanapanda mtama.

Ndizi za kukamua huvundikwa shimoni chini ya majani ya mgomba, siku nne au tano, mpaka ziive zote pamoja. Humenywa, zikatiwa kwenye muvure, gogo refu lililochongwa tumbo, kisha hupondwa kwa mikono pamoja na ishinge. Hizo ni nyasi ngumu zinazoshika nyama ya ndizi na kuyaacha maji yashuke. Ukishachuja, una saa chache tu. Ukiwahi kuuweka motoni, umepata kinywaji cha mtoto na cha mgonjwa. Ukichelewa, unaanza kutoa povu, na hapo umeshika njia ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi.

"We Mutanzania, sikia," Mama wa Jiko aliniambia wiki ile ile. "Muvure inakumbuka. Ile walikamulia pombe, usiikamulie mutobe hata siku moja. Utaosha, utasugua, lakini pombe iko ndani ya mbao."

Nikaitikia kwa heshima. Moyoni nilisema hayo ni maneno ya wazee.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Muyinga, nikaajiriwa na mtu ambaye sote tulimwita Patron, yaani bosi. Ukoo wao ni Waislamu wa mjini, watu wa biashara, na mgahawa wao ulikuwa kando ya barabara iendayo mpakani. Mimi ni Mkristo, na ndiyo sababu hasa alinichukua. Alinieleza mwenyewe, bila kuzunguka.

"Ramazani, wapishi yangu yote wanafunga. Nani ataonja? Mi siwezi, wao hawawezi. Alors, we utakuwa ulimi yangu. Ukisema iko sawa, iko sawa."

Tukaenda hivyo. Kila jioni ya mfungo mutobe wa moto uligawiwa bure kwa waliofunga na kwa wapita njia. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Bibi, mama yake Patron, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu. Kabla ya kugawa, Patron alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akauliza, "Iko sawa?" Nami nikajibu, "Iko sawa, Patron." Nilijivuna kwa neno hilo kuliko kwa mshahara.

Mwaka mmoja mfungo uliangukia kwenye miezi ya baridi, na watu wakawa wengi. Katikati ya mwezi muvure wetu ukapasuka. Kuchonga mwingine ni kazi ya siku nyingi. Nikapanda baiskeli ya kukodi mpaka Buhinyuza, kwa binamu yangu Elias, mkulima anayekamua urwarwa kila anapovuna, nikaazima wake. Niliuosha kwa maji ya moto, nikausugua kwa majivu, nikarudia mara tatu. Patron nilimwambia nimepata muvure kwa ndugu. Sikumwambia ndugu yupi.

Siku ya kwanza ya kuutumia nilikamua saa nne asubuhi, kuni zikachelewa kufika. Saa nane nilipofunua ndoo, nikaona povu ukingoni, jembamba, jeupe. Nikajidanganya kwamba moto utalimaliza. Nikachemsha, nikaongeza tangawizi, nikaongeza karafuu. Moto huua chachu, wanangu, ila pombe iliyokwisha kuzaliwa haiondoki yote. Nilipoonja, nyuma ya tangawizi nikakuta ule mchomo mdogo ninaoujua tangu ujana wangu.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku tulipovuka mpaka kurudi kwetu na mizigo kichwani. Nani angeamini kuwa ni bahati mbaya? Mkristo aliyekabidhiwa ulimi wa Waislamu, akaleta muvure wa pombe kutoka kwa ndugu yake, akawafuturisha watu kwa pombe. Niliiona kazi imekwenda. Niliwaona majirani wa dini mbili, waliozoea kuazimana chumvi, wakitazamana vibaya kwa sababu yangu.

Patron akasimama mlangoni. "Iko sawa?"

Mdomo wangu ukajibu peke yake. "Iko sawa, Patron."

Akaenda. Vikombe vikajazwa, vikapangwa mezani. Mimi nilibaki nimeshika nguzo ya jiko, jasho likinitoka kwenye baridi ile. Nje watu walikuwa wameketi kwenye mikeka, tende mikononi. Bibi alikuwa mbele, ameshika kikombe chake kwa mikono miwili apate joto, akitabasamu kwa harufu ya mdalasini. Adhana ikaanza. Bibi akala tende yake, akainua kikombe.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vya moto nilipokipokonya kikombe.

"Msinywe!" nilisema. "Bibi, nisamehe. Mutobe umechacha. Muvure ulikuwa wa pombe, nilijua, nikasema uongo."

Vijana wawili wakasimama, mmoja akanijia. Patron akainua mkono, kijana akarudi kukaa.

"Leteni maji," alisema.

Wakafuturu kwa tende na maji baridi, kwenye baridi ile, kwa ajili yangu. Mimi nilimwaga sufuria nzima nyuma ya jiko, nikakaa kwenye kuni kungoja kufukuzwa. Walipokwisha kuswali Patron akaja.

"Muvure rudisha kesho asubuhi," alisema. "Halafu uje kazini."

Basi. Ningependa zaidi anitukane.

Siku iliyofuata tulitumia beseni la plastiki. Mutobe ukatoka safi, nikauonja mara nyingi mpaka ulimi ukafa ganzi. Patron akaja mlangoni.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Patron."

Hakuondoka. Akanitazama machoni. "Iko sawa?"

"Iko sawa."

Ndipo akaenda. Tangu hapo, kila mfungo, kila jioni, aliniuliza mara mbili, bila ukali, na hakunieleza sababu. Bibi alifariki, jiko likajengwa upya, mimi nikaota mvi, na maswali yakabaki mawili. Kila nilipongoja la pili, nilikumbuka kikombe cha Bibi.

Mwaka huu nimestaafu, miguu haitaki tena kusimama jikoni. Jioni ya mwisho ya mfungo, nayo ya mwisho kwangu kazini, Patron, naye sasa mzee wa fimbo, alikuja mlangoni kama kawaida.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Patron."

Nikangoja swali la pili. Akageuka, fimbo ikagonga sakafu, akaenda kukaa mkekani kwake, adhana ikaanza, akainua kikombe. Hofu ikanishika upya, kubwa kuliko ya siku ile. Nikarudi mbio kwenye sufuria, nikachota, nikaonja. Kisha nikasimama peke yangu katikati ya jiko, nikasema kwa sauti, "Iko sawa."