Taa za Stoo Zilizokataa Kuzimika

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Mbozi kwa ajili ya ibada ya mwaka mmoja wa marehemu mume wangu, na mchana uleule akafungua stoo ambayo mimi sikuwa nimeikanyaga tangu msiba. Humo mume wangu alikuwa akikuza miche ya nyanya na hoho, maana baridi ya Tunduma ya mwezi wa saba haina huruma na mche mchanga. Taa za zambarau za kukuzia mimea alizinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia. Stoo yenyewe haina dirisha. Mama mkwe akawasha, akatazama trei zilizokauka, akazima. Taa zikabaki na mwanga hafifu, kama makaa yaliyofunikwa majivu.

"Njoo uone," akaniita. "Mwanangu yumo humu."

Mwili ulinisisimka. Ule mwanga haukuwa mgeni kwangu. Mume wangu alikuwa akiuona kila akizima, anacheka, anasema taa za bei chee zina tabia zake. Lakini kumsikia mama yake akizungumza nao kwa Kinyiha cha kwao, kwa sauti ya chini, kisha ananyamaza kana kwamba anajibiwa, jamani, niliogopa. Siku tatu alikaa mlangoni mwa stoo, chakula anakionja tu. Kila nikipita ananikata jicho.

"Kuna neno anataka kusema," aliniambia. Nililijua neno analolingoja.

Siku ile mume wangu alikuwa peku, sakafu imelowa, anataka kukaza kiungo cha waya juu ya trei. Aliniambia nizime. Nikazima. Aliposhika waya, umeme ukamchukua mbele ya macho yangu. Nilirukia swichi nikaibonyeza, nikaibonyeza tena, nikakimbilia swichi kuu. Majirani walipofika, hakuna aliyeweza kujua kama swichi ya stoo mwanzoni ilikuwa imewashwa au imezimwa. Na kule makaburini shemeji yangu, mdogo wa marehemu, fundi umeme, akasema bila kupepesa macho: "Umeme uliozimwa hauui mtu. Huyu hakuzima." Wee! Nilitaka kumparura. Mimi si mtu wa kumeza maneno, lakini siku ile niliyameza, yakanikaa kooni mwaka mzima. Kibaya zaidi, na mimi nikaanza kujiuliza kama kweli nilizima.

Siku ya nne nikasema yatosha. Nikampigia simu shemeji. Taa zile alizifunga yeye mwenyewe Jumapili moja, harakaharaka, anawahi kazi nyingine. Mama yake hakulijua hilo, alikuwa Mbozi kwenye kahawa zake. "Njoo uangalie taa zako," nilimwambia, "kabla mama hajaacha kula kabisa."

Alikuja mama yake akiwa uani. Akabadilisha taa moja, akaweka mpya. Akazima, na ile mpya nayo ikabaki inafifia vilevile. Akafungua swichi, akachungulia nyaya. Kisha akapanda kigoda, akagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye waya wa juu. Testa ikawaka.

"Shemeji, swichi imezimwa?"

"Si uangalie mwenyewe!"

Akaangalia. Akagusisha tena, ikawaka tena. Jasho likamtoka. Akaninong'oneza kwamba swichi hutakiwa kukata waya wa moto, ule unaoleta umeme, na yeye alikatisha nyutro, ule unaourudisha. Ukizima, taa inazimika, lakini umeme unabaki kwenye nyaya usiku na mchana. Ule mwanga hafifu ulikuwa ndio huo umeme unaovuja.

"Kwa hiyo nilizima!" Nilipiga kelele, nadhani hata Nakonde walinisikia. Mwaka mzima, jamani!

Mama mkwe akaja mbio. "Alizima?" akamuuliza mwanawe.

"Alizima, mama. Waya ulifungwa vibaya."

Akanishika uso kwa mikono miwili, akalia, akaniomba msamaha, mtu mzima yule. Nililia na mimi, nikahisi mzigo umenitoka. Kisha akamgeukia mwanawe. "Aliufunga nani?"

Shemeji alifungua mdomo. Ndiye mtoto pekee aliyembakia yule mama. Sijui nini kiliniingia.

"Fundi mmoja wa kupita tu, mama," nikawahi. "Alishavuka Zambia."

Mama mkwe akavua kilemba, akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya stoo. Akamlaani huyo fundi kwa Kiswahili, neno moja moja: mikono yake isikamilishe kazi, mke wake asipakate mtoto, yeye mwenyewe afe mbali na mama yake. Nilitaka kumziba mdomo, lakini ningemwambia nini? Alipomaliza akakaa amefumba macho, anatusubiri tuitikie.

Shemeji ndiye aliyetangulia kusema amina.