Kabla Hujasema Bodi Imekufa

Ipo siku moja ya masika pale Runazi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo asubuhi umeirudisha na hasira zake zote. Nilikuwa nyuma ya pazia la karakana yetu nachuja chai, nikakusikia unamwambia yule katekista wa Bugarama, "Bodi imekufa, mzee, iache hapa." Kifuniko cha kompyuta yake hukukifungua. Mita ya kupimia umeme ilikuwa inaning'inia msumarini, wala hukuigeukia. Kaa chini. Habari za wateja wengi na umeme wa kukatika sizitaki, nataka unisikilize.

Nilikuwa msichana, nimetoka chuo cha ufundi karibuni, nikapata kazi kwa fundi mmoja aliyeitwa Deo. Alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mashine isiyowaka aliibonyeza, akakunja uso, akatoa hukumu: bodi imekufa, yaani moyo wa mashine umesimama. Mwenye mashine aliondoka mikono mitupu, bodi ikabaki, na Deo akaipandisha kwenye rafu ya juu ili baadaye aichomoe vipuri avitie kwenye mashine za wengine. Mafundi wengi walifanya hivyo, na wapo wanaofanya mpaka leo, hawaoni haya hata kidogo.

Siku hiyo akaja Mama Kabula, mjane wa Kisukuma aliyekuwa akiishi Nyabusozi. Alikuwa akichapa barua za watu za kuomba kazi na wasifu wa marehemu, na kompyuta ile aliinunua kwa kuuza ng'ombe, shemeji zake hawataki. Walimwambia wazi kwamba mashine ikimshinda, ng'ombe waliobaki wanahamia kwao, naye na watoto watajijua. Sasa alikuwa ameihamishia kibanda kipya kwa pikipiki, kwenye ile barabara ya mashimo, na tangu hapo akibonyeza, feni inageuka kidogo tu, inazima. Haya yote alituambia akiwa amesimama, jasho linamtoka, maana hakuna aliyempa kiti.

Deo akabonyeza. Feni ikageuka, ikazima. "Bodi imekufa, mama. Iache, utafute nyingine."

Mama Kabula hakulia.

"Fundi," akasema, "kwetu anayetoka nje kusema mtu amefariki ni yule aliyeingia ndani akamgusa. Wewe umegusa wapi?"

"Mama, haya ni mambo ya umeme," Deo akacheka.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Mimi narudi nyumbani kutangaza msiba. Shemeji zangu niwaambie umegusa wapi?"

Deo akatoka nje kununua soda. Uso uliniwaka, mwanangu, maana mwanamke yule alikuwa anaomba jambo dogo kabisa, aguswe mgonjwa wake kabla ya kuzikwa. Nikampa kiti, nikatwaa mita.

Nilianza na pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme. Nikaweka nyingine niliyojua ni nzima, na hali ikawa ile ile, kwa hiyo tatizo halikuwa hapo. Nikapima ule umeme mdogo unaotakiwa kufika kwenye bodi hata kabla hujabonyeza, nikaukuta umetimia. Na feni inayogeuka kisha ikazima, sikiliza vizuri hapa, mara nyingi ni pawa saplai inajikinga, imekuta umeme unapita mahali usipotakiwa. Nikachomoa kimoja kimoja kila kisichokuwa cha lazima, nikibonyeza kila ninapochomoa. Bado. Ndipo nikaitoa bodi yenyewe kwenye kasha, nikailaza juu ya boksi kavu la karatasi, nikabonyeza tena. Feni ikageuka, na safari hii ikaendelea kugeuka.

Nikalitikisa kasha. Ikadondoka skrubu moja. Ilikuwa imelegea njiani kwa kurushwarushwa, ikajibana nyuma ya bodi, ikagusanisha umeme na bati la kasha.

Mama Kabula aliiokota, akaiweka kiganjani, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Haka ndiko kalitaka kunilia ng'ombe wangu?"

Deo akarudi na soda yake. "Una bahati, mama," akasema, basi. Hata pole hakutoa.

Mama alipoondoka na mashine yake nilipanda juu ya stuli nikashusha bodi za kwenye rafu, nikaanza kuzipima. Zipo zilizokuwa zimeungua kweli. Lakini nyingine ilitaka betri ndogo tu, nyingine ilijaa sisimizi, nikaisafisha, ikawaka. Nikamwuliza Deo wenyewe wako wapi. Akasema hawajui. Watu wale walirudi makwao, wakawaambia waume na wake na watoto kwamba mali yao imekufa, na haikuwa imekufa! Nililia kwa hasira pale pale, nikakusanya bisibisi zangu, sikurudi tena kwake.

Basi ninachokuasa ni hiki. Pima kwanza, na upime mbele ya mwenye mali. Kama hujui, sema hujui, hakuna atakayekupiga. Siku bodi ikiwa imekufa kweli utamwambia, lakini umwonyeshe ulipogusa, kisha umkabidhi bodi yake aende nayo. Rafu ya kukusanya vya watu humu ndani sitaki kuiona.

Sasa inuka. Katekista hajapata gari, nimemwona stendi amekaa na begi tupu mapajani. Mwamkie shikamoo, umwambie kwa kinywa chako kwamba mashine yake hukuipima. Mrudishe, mpe kiti, akuone ukifungua kifuniko.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na asitoke mtu mlangoni kwako amebeba msiba ambao haupo. Nenda, kabla gari halijaja.