Mishale Kumi na Miwili Badala ya Mtu Mmoja

Asubuhi ya Jumanne, kabla mambo hayajaharibika, nilikuwa nabishana na Hassan juu ya beberu mwenye jicho bovu. Yeye alisema jicho halizalishi. Mimi nikasema mnunuzi wangu wa Mwingi hataki mbuzi wa kumkonyeza.

"Kyalo," akaniambia, "wewe hata siku ya kiyama utamwomba Mungu apunguze."

Hassan alikuwa mfugaji wa ngamia. Kila kiangazi alishuka na mifugo yake hadi upande wetu, mashariki ya Kanyangi, na kwa miaka sita aliniuzia mbuzi. Nilikuwa nawahesabu mara mbili, na mara zote mbili idadi ilikuwa ile aliyosema. Jambo hilo lilinikera kidogo.

Wiki iliyofuata, ngamia wa watu wengine, si wake, waliingia mashambani wakala mbaazi hadi shina. Jirani yangu alitoka kuwafukuza, akapigwa risasi. Tulimbeba juu ya mlango wa choo chake kwa sababu hatukuwa na machela, na mimi nilishika upande wa kichwa. Nasema hili mapema, asije mtu akadhani niliwakatalia wenzangu kwa kuwa sikuwa nimeona damu.

Baada ya mazishi kamati ya ulinzi ilituita. Mwenyekiti, Mzee Nzioka, alitangaza kwamba kila boma litoe mwanamume mmoja wa kwenda na kikosi cha kulipiza kisasi. Boma lisilotoa mtu litatoa fahali. Nzioka alikuwa na wana watatu wazima, wote Nairobi. Niliwahesabu mara mbili, na bado wote walikuwa Nairobi.

"Mimi siendi," nikasema.

"Unaogopa?"

"Naogopa, mzee. Lakini hata nisingeogopa nisingeenda. Aliyempiga jirani yangu mnamjua?"

"Tunawajua wote."

"Wote si jina la mtu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwacheni huyo, anaogopa kukosa maziwa ya ngamia." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ndivyo mtu hufanya akiwa peke yake.

Hapo ningenyamaza, nitoe fahali, nirudi nyumbani. Lakini mimi ni dalali. Nilimfuata Nzioka pembeni nikaanza kumteremsha bei. Nikataja mbuzi wawili, akakataa. Nikataja watatu. Akanitazama, akauliza, "Lile podo la baba yako bado lipo?"

Lilikuwepo, limening'inia chini ya paa, na mishale kumi na miwili ndani. Marehemu baba, Mutua, alikuwa mwindaji, na mishale yake ya sumu ilisifiwa. Nikapiga hesabu: mimi nabaki hai, fahali anabaki zizini, vinaondoka vijiti vyenye vumbi. Nilimshika mkono haraka, kama ninavyomshika muuzaji aliyekosea bei.

Mama yangu, Mwaitu tunavyomwita, alinikuta naliteremsha.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa kamati. Ni vijiti tu, Mwaitu."

"Baba yako hakumwazima mtu hata mmoja."

Sikumuuliza sababu. Naijua, na kila Mkamba wa rika langu anaijua. Mshale una alama ya mwenyewe. Ya baba ilikuwa pete mbili na mkwaju mmoja wa mshazari, imechomwa kwa moto kwenye mti wa mshale, ili mnyama akianguka mbali ijulikane ni wa nani. Haulizwi aliyevuta uta. Huulizwa mshale ni wa nani. Nilijua hayo yote, nikaona ni sheria ya nyama tu.

Siku ya tisa baada ya kulitoa podo nilisikia kikosi kimetoka. Nikakimbia hadi mto mkavu, mahali Hassan alipokuwa akinywesha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa ndani ya shimo la mchanga, maji magotini, akipandisha ndoo.

"Hama," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Nikimaliza kunywesha."

"Hassan, wanakuja."

"Kina nani?"

Mbuzi waliinua vichwa.

Watu kumi na wanne walisimama ukingoni. Niliwajua wote kwa majina. Nzioka hakuwa mmoja wao.

Niliinua mikono. Nikapaza sauti kwamba huyu si yule.

Hassan alipanda kutoka shimoni aone ninaongea na nani.

Mshale ulimwingia ubavuni.

Aliketi mchangani. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

Pete mbili na mkwaju.

Sumu ni ya zamani, nikajiambia, huenda imekufa. Hata pale nilikuwa natafuta punguzo. Walikuwa wameipaka upya. Alikufa ameshika shati langu, nami nikivibandua vidole vyake kimoja kimoja ili niondoke kabla ndugu zake hawajafika.

Hapa Kasikeu nilikohamia, watu wa kanisa wamesikia kwamba nilikataa kwenda vitani. Huniomba nisimame nishuhudie. Jumapili hizo huwa nina safari.

Wiki kadhaa baada ya kifo cha Hassan, wazee wa pande zote mbili walikutanishwa. Wale kumi na wanne walisema, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawakuona nani aliyevuta. Kisha kaka yake Hassan akafungua kitambaa, akauweka mshale kwenye mkeka. Nzioka akauinamia kana kwamba hajawahi kuuona. "Alama ya Mutua," akasema. "Kijana wake ni yule pale."

Nilikuwa na maneno tayari: sikwenda, nilikataa mbele ya watu, mashahidi wapo. Nilianza kuyasema.

Kaka yake alinisubiri nimalize. "Mimi sikuulizi kama ulikwenda," akasema. "Ulipoitoa mishale, ulijua inakwenda kufanya nini?"

Nikatazama wenzangu. Kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake.

"Nilijua haiendi kuwinda paa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akauviringisha mshale ndani ya kitambaa. Nilifungua mdomo nimwombe aniachie, kwa kuwa ile mingine kumi na mmoja haikurudi na huo ndio pekee niliojua ulipo. Nikaufunga mdomo. Mshale ameuweka nyumbani kwao. Watoto wa Hassan wanaijua alama ya baba yangu kwa macho. Wangu sijawahi kuwachorea.